Kwa Gari la Dola 400 Mpaka Willows

Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake nyuma ya kaunta ya duka la spea, kama nilivyoutumia mimi katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga, hawezi kuizuru nchi ya ugenini kama waizuruvyo watu wengine. Wenzake hutazama majumba, milima na bahari. Yeye macho humpotelea chini ya boneti za magari ya watu, na masikio yake hutambua beringi iliyochoka kabla hayajapokea salamu. Kwa sababu hiyo, mpwa wangu aliponiandikia kutoka Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California, akinialika niende nikamwone yeye na watoto wake, na mwishoni mwa barua akagusia, kama atajaye neno dogo lisilo na uzito, kwamba yeye na wenzake wanne walikuwa wakitafuta gari kuukuu la kuingia nalo katika mbio za ustahimilivu, gari ambalo kwa mujibu wa sharti za mbio hizo thamani yake isizidi dola 500, sikuwa na haja ya kubembelezwa. Nauli ya ndege ilizidi bei ya gari hilo mara tatu na ushei, na dada yangu, mama yake kijana, hakuona haya kunieleza hivyo mbele ya majirani.

Mbio zenyewe huitwa 24 Hours of LeMons. Zilianzishwa mwaka 2006 katika uwanja wa Altamont, mashariki ya ghuba ya San Francisco, na mwandishi wa habari za magari aitwaye Jay Lamm, kwa kuyafanyia mzaha mashindano makuu ya Le Mans ambayo Wafaransa waliyaanza mwaka 1923, na ambayo leo hayashindwi ila na makampuni yenye hazina zisizokauka. Ijapokuwa jina hutaja saa 24, aghalabu mbio huendeshwa kwa siku mbili, saa saba au nane Jumamosi na zilizobaki Jumapili, na anayeshinda si yule aliyepita mbio kuliko wote kwa dakika moja ya fahari, bali ni yule aliyekamilisha mizunguko mingi zaidi mpaka bendera ya mwisho. Gari likionekana mbele ya mahakimu kuwa limegharimu zaidi ya kiwango, hukatwa mzunguko mmoja kwa kila dola 10 zilizozidi, hata kabla halijatia tairi uwanjani. Lakini breki, matairi, rimu, kiti cha dereva, mikanda, kizima moto na kile kizimba cha mabomba ya chuma kimzungukacho dereva havimo katika hesabu hiyo. Mshindani ameachiwa huru kutumia fulusi zake kadiri awezavyo kwa kila kitu kitakachomrudisha mtu nyumbani mzima, na amefungwa mikono kwa kila kitu kitakacholiongezea gari mwendo. Nami katika sharti zote za michezo nilizopata kusikia, sijaona iliyotungwa kwa akili kuliko hiyo.

Kipimo changu cha mashindano ya magari kilikuwa kimoja tu, nacho ni Safari, yaani zile mbio zilizoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa vumbi, tope na mito iliyofurika. Watu wa rika langu hawakuhitaji kuambiwa maana ya ustahimilivu, maana mwaka 1963, na tena mwaka 1968, katika msururu mzima wa magari yaliyoondoka, yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Na katika gereji za utoto wangu hakuna jina lililotajwa kwa taadhima kuliko la Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, ambaye mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliwashinda wote kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika kabla ya kuwafikia. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa lilikuja kuwa na kazi yake.

Nilipofika Sacramento nilikuta kamati nzima imekaa katika banda la magari la mpwa wangu, nao walikuwa watu ambao pasipo mchezo huu wasingalikutana: mpwa wangu mwenyewe, ambaye ni mhasibu, mchomeleaji mzaliwa wa Meksiko, muuguzi wa hospitali aliye mwanamke mrefu mwenye maneno machache, mwalimu wa shule ya sekondari, na kijana mmoja wa kompyuta aliyekuwa na haraka katika kila jambo. Kijana huyo alitaka gari jepesi lenye mbio, na hoja yake ilikuwa imekwisha kuwavuta wawili. Mpwa wangu akanigeukia akasema, “Mjomba, nawe sema neno.” Nikaomba karatasi. Uwanja tuliokuwa tukiuendea una urefu wa kilomita 4.6 hivi, na gari la namna yetu huuzunguka kwa dakika mbili na nusu, yaani mizunguko 24 kwa saa. Tuseme gari la kijana litakuwa jepesi hata lichume sekunde 5 katika kila mzunguko: kwa saa moja litakuwa limechuma dakika 2, na kwa saa 14 za mashindano, dakika 28. Basi likiharibika mara moja tu, likainuliwa jeki kwa nusu saa, faida yote ya siku mbili imekwenda na maji. Kijana aliipindua karatasi kutazama kama nyuma yake pana hesabu nyingine, kisha akauliza ni gari gani basi lisiloharibika. Nikamwambia hakuna, kuna linaloharibika kwa adabu.

Tukatoka kutafuta. Gari la kwanza lilikuwa Stockton, mji ulio mbali na bahari lakini una bandari, kwa kuwa meli kubwa huupandia kwa mto San Joaquin katikati ya mashamba, jambo ambalo kwangu mimi mtu wa bandari lilikuwa ajabu hata nikaomba tusimame kidogo nilitazame. Gari lilikuwa BMW 325e ya mwaka 1986. Wenye mchezo huu wanaipenda sana, na wana haki, kwa sababu injini yake ya lita 2.7 iliundwa kwa kubana petroli, haipandi mizunguko mingi, na injini isiyopanda sana huishi sana. Mwenyewe alitupokea kwa bashasha. Nilitia kiganja juu ya boneti kabla sijamwitikia sawasawa, nikaikuta ina moto. Naye alikuwa ametuambia kwa simu kwamba gari halikuwashwa tangu juzi. Muuzaji anayeipasha injini kabla ya mnunuzi hajafika huwa ana neno ambalo injini baridi ingelisema. Tukangoja ipoe, tukazungumza habari za hali ya hewa mpaka zikatuishia, tukafungua kifuniko cha rejeta, tukawasha. Na haukupita muda mapovu yakaanza kupanda katika maji, moja baada ya jingine, bila kukoma. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa. Gari la pili, Honda Civic iliyokuwa Vallejo, tuliliacha bila kulikagua, kwa maana hati zake zilikuwa za mtu mwingine na mwuzaji hakutaka kueleza ni mtu gani.

La tatu lilitupandisha milimani, mpaka Placerville, katika nchi ile iliyofurika wachimbaji baada ya dhahabu kuonekana Coloma mwezi Januari 1848. Chini ya mwaloni, limefunikwa majani makavu mpaka kiooni, lilisimama gari refu la pembe nne, rangi ya maziwa yaliyochacha: Volvo 240 ya mwaka 1990. Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Panya walikuwa wamezaa katika kichujio cha hewa, na betri ilikuwa haina hata nguvu ya kuwasha taa ya mlangoni. Lakini kijiti cha oili kilitoka na oili nyeusi isiyo na maji. Magurudumu, tulipoyainua na kuyatikisa moja moja, hayakucheza ila la mbele kushoto. Na tulipoiunganisha injini na betri ya gari letu, ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu ambao ulipungua na kukoma, dalili ya sili za valvu zilizokauka, si pistoni zilizochoka. Nikamweleza kijana wa kompyuta sifa moja ya injini ile ambayo haiandikwi katika matangazo: mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni zake hazikutani na valvu, ilhali katika injini ile ya Stockton mkanda ukikatika valvu hupinda zote na kazi imekwisha. Huko ndiko kuharibika kwa adabu. Kisha nikamsimulia habari ya Joginder Singh, nayo ikamwingia kuliko hesabu yangu yote.

Mama yule alitaka dola 600. Mpwa wangu alikuwa tayari kulipa dola 500 na kumshukuru; nikamkanyaga mguu. Sisi watu wa pwani hatununui hata mkungu wa ndizi kwa bei ya kwanza, na mwuzaji mwenyewe hujiona amedharauliwa ukimlipa pasipo maneno. Tuliketi barazani kwake, tukanywa chai ya barafu, tukasikia habari za mumewe aliyekuwa mpima ardhi, nikamweleza ndoa za kwetu zinavyofungwa, na kabla ya jua kutua tulikuwa tumekubaliana dola 400, kwa sharti kwamba tutamletea picha ya gari likiwa uwanjani.

Sasa ndipo kazi ilipoanza, na kazi ya kuandaa gari la namna hii kwanza ni ya kuondoa. Viti, mazulia, redio, paa la kitambaa, milango ya ndani na vitasa vyake, vyote vilitoka. Na kwa kuwa sharti huruhusu kuuza kilichotolewa na kuipunguza fedha yake katika gharama ya gari, mpwa wangu mhasibu aliandika kila dola katika daftari. Chini ya zulia kulikuwa na lami nzito iliyobandikwa sakafuni kiwandani ili kunyamazisha kelele, na hapo ndipo nilipoona ufundi ambao Tanga haujafika. Kijana alileta mfuko wa barafu kavu, ambayo si maji bali ni hewa ya ukaa iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, akavaa glavu nene, akaimwaga juu ya lami ikawa inafuka moshi mweupe uliotambaa sakafuni. Tukangoja. Kisha akanipa nyundo, akaniambia nigonge polepole. Nikagonga, na lami ile, ambayo jana yake patasi haikuifanya kitu, ikabanduka kwa vipande vikubwa vikavu, kama ukoko wa wali uliokaa vizuri chini ya sufuria. Bati lililobaki lilikuwa safi, tayari kuchomelewa.

Kizimba kilimchukua mchomeleaji muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, nasi hatukumharakisha. Sharti hutaka mabomba ya chuma yasiyo na mshono au yaliyovutwa upya juu ya kalibu, si yale ya bei rahisi yenye mshono wa kawaida ambao hupasuka katika msukosuko. Na kwa gari la uzito wa letu kipenyo chake ni milimita 38, unene wa ukuta milimita 2.4. Kila mguu wa bomba hukaa juu ya bamba la chuma lililochomelewa sakafuni, ili gari likipinduka mguu usitoboe bati kama sindano na kupita. Yeye alikuwa mtu wa kuzungumza sana, lakini akishusha kinyago usoni hakusema neno. Na baada ya kila mshono alipoza, akaupigia tochi, akaupitisha ukucha, na mara mbili nilimwona akiukata mshono ambao macho yangu hayakuona ila yake, akaanza upya. Alituketisha sote kitini mmoja mmoja, tumevaa helmeti, akapitisha rula baina ya utosi na bomba la juu. Muuguzi, kwa urefu wake, ndiye aliyeamua kiti kikae wapi. Mwalimu, aliye mfupi, akashonewa mto. Kizimba hicho peke yake kilikula fedha ambayo ingenunua magari manne kama lile.

Katika breki nilikuwa na la kusema. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na maji yakizidi ndani yake huchemka upesi. Yakichemka, mvuke hushika mahali pa mafuta, na kanyagio huzama mpaka sakafuni pasipo gari kusimama. Mwenye kuteremka kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo na lori lililojaa kabichi hahitaji kusomeshwa jambo hili. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, na ya DOT 4 kwa nyuzi 230, lakini yote hayana thamani yakiwa ya zamani. Basi tukamwaga yote, tukajaza mapya ya daraja la juu, tukatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, tukatia pedi za mbio, na mwalimu akapitisha mabomba ya bati kutoka chini ya bampa ili yapeleke upepo kwenye diski za mbele.

Rejeta tuliipata katika uwanja wa vyuma chakavu, na uwanja huo ni safari nyingine peke yake. Mtu hulipa dola chache mlangoni, huingia na sanduku lake la spana, hutembea baina ya mistari ya mamia ya magari yaliyoinuliwa juu ya rimu zilizounganishwa, akafungua mwenyewe akitakacho na kukilipia anapotoka. Nilitembea humo tangu asubuhi hadi adhuhuri kama mtu aliyefunguliwa bustani. Corolla zilizolala pale kwa kosa la gia boksi zingeamka zote kwetu, zikabeba abiria miaka kumi mingine! Nilijizuia nisiseme hivyo kwa sauti, maana mpwa wangu anapenda kuniuliza kama nimekuja kumzuru au kufanya biashara.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Maji ya rejeta yalikuwa matupu, bila ile dawa ya kuzuia kuganda, kwa kuwa ikimwagika huufanya uwanja kuteleza, na viwanja vingi huikataza. Ndani ya sampo ya oili mchomeleaji alitia vizuizi vya bati, ili katika kona ndefu oili isikimbilie upande mmoja ikaiacha pampu ikinyonya hewa. Injini isiyo na oili kwa sekunde chache, yenye moto na mzigo, huharibika kwa namna ambayo hakuna adabu ndani yake. Beringi ya mbele kushoto ilibadilishwa, na ya kulia pia, ijapokuwa ilikuwa nzima, kwa maana nawajua ndugu wawili waliozaliwa siku moja.

Mahakimu wa mbio hizi hupenda gari liwe na kichekesho chake, na hapo mpwa wangu alitoboa alilokuwa amelificha. Siku moja nilirudi kutoka msikitini nikalikuta gari limepakwa rangi nyeupe, na mstari wa buluu mpana ubavuni, na juu ya kioo cha mbele pameandikwa kwa herufi kubwa RASKAZONI – PONGWE. Lilikuwa daladala, halisi, lililokosa vumbi tu. Nami nikaarifiwa kwamba cheo changu mbele ya mahakimu ni konda.

Tuliondoka Sacramento alfajiri ya Ijumaa, gari likiwa juu ya trela, tukashika barabara kuu namba 5 kuelekea kaskazini. Sikutegemea kuona nilichokiona. Baada ya mji kwisha, nchi yote ya bonde ilikuwa maji: majaruba ya mpunga, moja likishika jingine mpaka upeo wa macho, Williams, Maxwell, mpaka Willows, yametenganishwa kwa kuta nyembamba za udongo zilizopinda kwa kufuata mwinuko wa ardhi. Ilikuwa mwezi Mei, majira ya kupanda, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinama majini. Ndege ndogo ya rangi ya manjano ilikuja chini kwa chini, ikapita juu ya jaruba ikimwaga mbegu kama mvua, ikajiinua mwishoni juu ya nyaya za umeme, ikageuka, ikarudi. Nilikumbuka migongo ya watu wa bonde la Mombo. Mchomeleaji, ambaye alipokuwa kijana alivuna nyanya katika bonde hilohilo, alisema kwamba rubani yule hulipwa vizuri na hufa mapema.

Uwanja wa Thunderhill uko magharibi ya Willows, mahali bonde linapoanza kuwa vilima, nao una kona 15. Ulifunguliwa mwaka 1993. Tulikuta makundi ya watu na magari ambayo fikira haiwezi kuyatunga: moja limevikwa manyoya, jingine limetengenezwa mfano wa meli, mengine hayakufanywa kitu ila yalichekesha kwa hali yake. Ukaguzi wa usalama ulikwenda kimya na kwa ukali. Mkaguzi aliingiza kichwa, akagonga kizimba, akavuta mikanda kwa uzito wake wote, akasoma tarehe za helmeti, akatupitisha. Kisha tukaenda kwa mahakimu wa fedha, waliovaa majoho, na hapo mambo yakawa mengine. Hongo hutolewa hadharani! Watu walisimama foleni na chupa na vyakula mikononi, na kila aliyehonga gari lake lilipigwa chapa ya kushuhudia kwamba amehonga. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kuna ofisi ninazozijua ambazo zingenufaika na chapa hiyo. Sisi tulitoa sambusa za mke wa mpwa wangu. Mimi nikaning'inia mlangoni, nikachezesha sarafu kiganjani, nikaita abiria wa Pongwe kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Hakimu mkuu akauliza nauli, nikamwambia ya kwake imelipwa kwa sambusa, lakini gari halina kiti cha abiria. Hawakutukata mzunguko hata mmoja.

Jumamosi, baada ya saa tatu asubuhi, bendera ya kijani ikashushwa. Mwalimu alianza, kwa kuwa ndiye mtulivu kuliko wote, na agizo lake lilikuwa moja: asimpite mtu ambaye hakutaka kupitwa. Kona ya pili ya uwanja ule ni ndefu mno, inazunguka kushoto mpaka gari linarudi lilikotoka, na huko ndiko masikio yangu yalikokuwa, kwani ndiko vile vizuizi vya sampo vilikokuwa vikisomewa mtihani. Mwanga wa oili haukuwaka. Kilichotokea badala yake hakuna aliyekitegemea: tangi liliposhuka chini ya robo, petroli nayo ilikimbilia pembeni katika kona hiyohiyo, injini ikakatika na kushika tena. Dawa ilikuwa kurudi kujaza mapema kuliko tulivyopanga, basi.

Kujaza kwenyewe ni ibada. Dereva hushuka, injini huzimwa, hakuna anayeruhusiwa kugusa gari kwa spana, mwenye debe huvaa nguo za moto tangu unyayo hadi utosi, na mwingine husimama na kizima moto kimefunguliwa pini. Huyo mwingine nilikuwa mimi. Jua la bonde lile mwezi Mei si mzaha, na ndani ya mavazi yale nilielewa kwa nini madereva hunywa maji kama ngamia. Muuguzi aliendesha vizuri kupita wote. Alitolewa mara moja kwa bendera nyeusi, kwa kuangusha magurudumu mawili nje ya lami, akaenda akasimama mbele ya majoho bila kujitetea, na kwa kuwa hakujitetea wakamrudisha upesi. Kijana wa kompyuta, aliyetakiwa kwenda polepole, alikwenda polepole kwa mizunguko kumi.

Jumapili alasiri, zamu ya mpwa wangu, niliona mvuke. Ulianza mwembamba chini ya boneti alipopita mbele yetu, na kabla hajafika kona ya kwanza ukawa wingu. Aliizima injini palepale, akaliacha gari liserereke mpaka kando, akangoja kuvutwa. Na kwa kuizima bila kujaribu kufika nyumbani aliiokoa silinda hedi. Bomba la juu la rejeta lilikuwa limepasuka urefu wa kidole. Sisi hatukuwa na jingine. Kundi la jirani, watu ambao tulikuwa tukishindana nao nafasi mojamoja tangu asubuhi, walitufungulia sanduku lao. Walikuwa na bomba la pikapu ya Ford, nene kidogo, refu kupita kiasi. Mchomeleaji alilikata kwa kisu, akalipaka sabuni ya kunawia mikono ili liteleze, akalisukuma mpaka likakaa, akalibana kwa vibanio viwili kila upande. Tulijaza maji, tukatoa hewa, tukasikiliza. Gari lilirudi uwanjani kabla nusu saa haijatimia, na kijana wa kompyuta akanitazama, akahesabu kwa vidole, hakusema neno.

Lilimaliza. Lilimaliza katikati ya msururu, nyuma ya magari mengi yenye mbio na mbele ya mengi zaidi yenye mbio yaliyokuwa yamelala chini ya maturubai tangu Jumamosi. Tuzo kubwa katika mbio hizi hapewi aliyetangulia, bali hupewa gari baya lililofanya yasiyotazamiwa, nayo ilikwenda kwa gari dogo la familia lililokuwa likitoa moshi tangu dakika ya kwanza na ambalo hakuna aliyeelewa linapata wapi oili ya kuunguza. Tulipiga makofi kwa haki.

Jumatatu, mezani kwa mpwa wangu, daftari lilifunguliwa. Gari, baada ya kutoa vilivyouzwa, lilikuwa chini ya dola 300. Yaliyobaki, yaani kizimba, kiti, mikanda, mavazi, breki, matairi, ada, petroli na trela, yalifika maelfu ambayo mke wa mpwa wangu aliyasoma mara mbili kisha akasogeza daftari pembeni kwa ncha ya kidole. Picha ya gari ilikuwa imekwisha kutiwa bahashani kwa ajili ya mama wa Placerville. Mwalimu alitaka waende Sonoma. Kijana alitaka injini nyingine. Mchomeleaji alikwisha kuvuta kipande cha karatasi na kuchora. Waliponiuliza nionavyo, niliwaambia gia ya tatu inasaga wanaposhuka kutoka ya nne, na kule kwenye uwanja wa vyuma chakavu, mstari wa mwisho, upande wa ukuta, kuna Volvo ya buluu ambayo gia boksi yake haijaguswa na mtu.